Kichwa cha treni ndogo kikikwama-kwama: shughulikia umeme kwanza, namba baadaye

Unakiweka kichwa relini, unakipa mwendo wa namba 5, kinaondoka vizuri. Sentimita 30 mbele kinasimama kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka. Taa inapepesa. Unakisukuma kwa kidole, kinaondoka tena. Mzunguko unaofuata kinapita pale pale bila wasiwasi, halafu kinakwama mahali pengine kabisa, na mara moja moja kinafyatuka mbio bila kuamriwa.

Ninaishi Ujerumani, ambako mambo ya treni ndogo yana wazee wake, na karibu kila niliyemweleza ugonjwa huu alinipa namba ya CV ya kubadilisha (CV ni mpangilio unaoandikwa ndani ya kompyuta ndogo ya kichwa). Nikamalizia wikendi mbili kwenye namba. Ubovu wenyewe ulikuwa kwenye kipande cha shaba kisichozidi punje ya mchele. Kwa hiyo hatua hapa chini nimezipanga kinyume na nilivyofanya mimi.

Ninazungumzia vichwa vya kipimo cha N vinavyoendeshwa kwa DCC, mfumo wa dijitali wa kuongoza treni ndogo. N ni uwiano wa 1:160 (Waingereza hutumia 1:148), na reli zake zimeachana milimita 9. Herufi yenyewe imetokana na hiyo tisa: neun ya Kijerumani, nine ya Kiingereza, nove ya Kiitaliano. Sisi tungeiita T. Kichwa nitakachokifungua ni dizeli ambayo fremu yake ni vipande viwili vya chuma, cha kushoto na cha kulia, kila kimoja kikibeba umeme wa reli ya upande wake. King'amuzi chake, yaani hiyo kompyuta ndogo inayosoma amri, ni kibamba chembamba kirefu kilichobanwa kwa juu kati ya vipande hivyo. Kama chako kina soketi ya pini 6 au ile ya Next18, ruka sehemu ya kibamba. Mengine ni yale yale.

Kwa nini cha dijitali hudeka zaidi

Katika mfumo wa zamani wa analogi, umeme wa reli ndio unaozungusha mota moja kwa moja. Uchafu ukiukata kidogo, mota inapungua nguvu kwa kitambo, uzito unaozunguka mle ndani unaivusha, na wewe huoni kitu.

DCC, mfumo ulioanzia kwa Lenz wa Giessen na kufanywa kiwango na NMRA, chama cha wanamodeli wa Marekani, katika miaka ya 1990, hufanya kazi vingine. Reli zina umeme kamili muda wote, hata kichwa kikiwa kimesimama, na amri zimefichwa ndani ya umeme huo huo. Umeme unageuka upande maelfu ya mara kwa sekunde: kila nusu ikidumu mikrosekunde 58, hiyo ni "moja", ikidumu 100 au zaidi, ni "sifuri". King'amuzi ni kompyuta ndogo inayosoma hayo mapigo, kisha inaamua mota ipate kiasi gani.

Sasa umeme ukikatika kwa kufumba na kufumbua, kompyuta inazima. Ukirudi, inawaka upya, inasubiri anwani yake iitwe, kisha inaanza kupanda mwendo kutoka sifuri, tena polepole kwa kadiri ya CV3, namba inayoamua mwendo upande taratibu kiasi gani. Mkatiko mdogo umezaa kituo kizima. Ndiyo sababu kichwa kilichotembea miaka kumi kwenye analogi kinaweza kuonekana mgonjwa siku ile ile kinapowekewa king'amuzi, na mtu akaapa kuwa king'amuzi ni kibovu.

Tazama taa kabla ya kushika bisibisi

Washa taa ya mbele, punguza mwanga chumbani, endesha polepole sana. Usitazame magurudumu, tazama taa.

Ikipepesa au kuzima pale kichwa kinapokwama, umeme haufiki kwenye king'amuzi. Nenda hatua ya 1, 2 na 3.

Ikitulia huku kichwa kinasitasita, umeme unafika vizuri. Anza hatua ya 4.

Ikiwaka na kuzima kila unapoongeza mwendo kwa nukta moja, lakini kichwa kinatembea, hujaharibikiwa na chochote: rimoti inatuma hatua 28 za mwendo na king'amuzi kimepangwa kwa 14. Hilo litaisha kwenye hatua ya 6.

Kipimo hiki kinadanganya hali moja tu: kama kuna kapasita ya akiba ndani, taa inaweza kuendelea kuwaka hata umeme ukikatika. Iondoe kwanza.

Hatua ya 1: reli

Chukua kichwa kingine unachokiamini, kipitishe njia nzima polepole. Nacho kikikwama palepale, mgonjwa ni reli, funga kisanduku cha zana na ushike kitambaa.

Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi vinatosha. Msasa usiuguse, unaacha mikwaruzo ambayo macho hayaioni, na uchafu unaipenda. Reli nyingi za N ni za ile metali inayoitwa fedha ya Kijerumani, ambayo haina fedha hata chembe: ni shaba, nikeli na zinki.

Kisha ondoa vichwa vyote, chukua sarafu, ilaze juu ya reli zote mbili mahali palipo mbali zaidi na boksi la kuongozea. Boksi linatakiwa likate umeme papo hapo. Likisitasita, nyaya zako ni nyembamba au viungio vya reli vimelegea. Toa sarafu haraka, ongeza jozi za waya wa kulisha reli. Kiungio cha reli kilitengenezwa kushikilia reli zinyooke. Usikitegemee kubeba umeme.

Angalia pia kwenye pointi. Mahali reli mbili zinapokatana, viwanda vingi huweka kipande cha plastiki kisicho na umeme. Kichwa kirefu hakijali. Kifupi cha ekseli mbili au tatu kinaweza kufia hapo kila mara, na hilo ni umbo lake.

Hatua ya 2: magurudumu

Lowesha karatasi ya jikoni kwa alkoholi, itandaze juu ya reli. Weka magurudumu ya mbele ya kichwa juu ya karatasi, ya nyuma yabaki kwenye reli tupu yakichota umeme. Shikilia kichwa, kipe mwendo wa kati. Utaona mistari miwili myeusi kama wino. Sogeza karatasi, rudia mpaka mistari ififie, kisha geuza kichwa.

Gurudumu lenye mpira wa kuzuia kuteleza halichoti umeme. Kichwa chenye magurudumu manane, mawili yakiwa na mpira, kimebakiwa na sita ya kuchotea, na kama mpira umekauka na kupasuka kitadundadunda pia. Badilisha huo mpira, usiugundishe kwa gundi.

Hatua ya 3: njia ya umeme ndani ya kichwa

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nilipopata punje yangu ya mchele.

Fuata umeme kwa akili kabla ya kuufuata kwa mita. Unatoka kwenye reli, unaingia gurudumuni, unapita kwenye nusu ya ekseli (katikati kuna bomba la plastiki linalotenga kushoto na kulia), unafika kwenye ncha ya ekseli inayozunguka ndani ya kikombe kidogo kwenye ukanda wa shaba, ukanda unagusa fremu, na fremu inagusa kidole cha shaba pembeni mwa kibamba cha king'amuzi. Hesabu sehemu za kugusana tu, pasipo na waya uliolehemiwa: reli na gurudumu, ncha na kikombe, ukanda na fremu, fremu na kibamba. Nne kwa kila upande, nane jumla, na kichwa chenyewe mara nyingi hakifiki gramu 100, hivyo hakuna uzito wa kuzikandamiza.

Vua gamba la juu. Weka mita kwenye omu. Gusisha ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe uone zinasoma ngapi, hiyo utaitoa. Kisha gusa gurudumu kwa ncha moja na fremu ya upande ule ule kwa nyingine, huku ukilizungusha gurudumu kwa kidole. Unataka namba ndogo, chini ya omu 1 au karibu na hapo, tena iliyotulia. Ikirukaruka hadi makumi, ncha na kikombe ni vichafu, au ukanda hauigusi fremu. Pima gurudumu moja moja. Halafu pima kutoka fremu hadi kidole cha kibamba, huku ukikitikisa kibamba kidogo. Changu, nilipokitikisa, namba ilipotea kabisa.

Kufungua: fanya juu ya sinia jeupe lenye kingo, na upige picha kwa simu kila unapotoa kitu. Legeza skrubu za fremu taratibu, kwa sababu kuna vipande vya plastiki vya kutenganisha nusu mbili, na vidogo hivyo huruka. Toa seti za magurudumu. Vikombe visafishe kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa alkoholi, ukizungusha mpaka kijiti kitoke cheupe. Ule uchafu mweusi ni mchanganyiko wa mafuta, vumbi na metali iliyosagika. Ukanda wa shaba upinde juu kidogo sana, kama unainua ukope, ili usukume fremu. Ukizidisha, kichwa kitanyanyuka na kuanza kuacha reli kwenye kona.

Vidole vya kibamba vifute kwa kifutio cha penseli, pamoja na mfereji wa fremu vinamokaa. Kama kibamba bado kinacheza, dawa yake ni risasi ya kulehemu: pasha kidole cha shaba kwa ncha ndogo ya pasi ya kulehemu, kilambishe risasi tabaka jembamba sana, kiache kipoe, jaribu kukichomeka. Kinatakiwa kiingie kwa kusukumwa, sio kwa kupigwa. Tabaka likizidi, futa kwa wavu wa kunyonya risasi na uanze tena. Mimi nilirudia mara tatu.

Kabla hujafunga, jambo moja la lazima. Vibanzi viwili vya shaba vinavyotoka kwenye mota kwenda kwenye kibamba havitakiwi kugusa fremu hata kidogo. Kwenye analogi viliruhusiwa. Kwenye DCC vikigusa mara moja king'amuzi kinaungua, na harufu yake utaijua. Weka tepu ya polimaidi, ile ya rangi ya kaharabu inayovumilia joto, kati ya vibanzi na fremu. Kisha, kibamba kikiwa nje, pima kila kibanzi dhidi ya kila nusu ya fremu. Mita isisome chochote katika vipimo vyote vinne. Nusu mbili za fremu nazo zipime moja kwa nyingine. Pasiwe na njia.

Kwa wenye nyaya badala ya kibamba, rangi ni za kiwango: nyekundu reli ya kulia, nyeusi reli ya kushoto, rangi ya chungwa na kijivu mota, nyeupe taa ya mbele, njano taa ya nyuma, bluu chanya ya pamoja.

Hatua ya 4: mota

Ukiwa umetoa king'amuzi, gusisha betri ya volti 9 kwenye vibanzi vya mota. Ikizunguka laini na kwa sauti moja, mota ni nzima na unaweza kuruka aya inayofuata. Ikikohoa, endelea.

Pima omu kati ya vibanzi viwili, ukizungusha mhimili wa mota polepole kwa kidole. Namba ibaki karibu ile ile mzunguko mzima. Ikikatika sehemu moja kila mzunguko, koili moja imekufa au kaboni (vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) haigusi. Kama mota inafunguka, tone la alkoholi kwenye sehemu ya shaba inayosuguliwa na kaboni, izungushe kwa betri, futa weusi, rudia. Springi za kaboni ni ndogo kuliko unavyofikiri; mimi moja ilienda chini ya mashine ya kufulia na iko huko mpaka leo. Mota zilizofungwa kama kopo huwa hazifunguliwi, zinabadilishwa.

Hiyo omu ya kati ya vibanzi ina kazi nyingine, hivyo ipime hata kama uliruka aya iliyopita. Gawa volti 12 kwa hiyo, unapata takriban umeme ambao mota itavuta ikikamatwa isizunguke. Omu 25 ni ampea 0.48, salama kwa king'amuzi cha ampea 1. Omu 8 ni ampea 1.5, na king'amuzi hicho hicho kitapata joto, kijizime, kipoe, kiendelee. Mtu wa nje ataita hiyo "kukwama ovyo".

Kwenye kichwa kilichogeuzwa kutoka analogi, tafuta vikapasita vidogo vilivyolehemiwa kwenye mota kuzuia kelele za redio. Vinachanganya king'amuzi kinapojaribu kupima mwendo wa mota. Wengi huvitoa, mimi pia.

Hatua ya 5: gia

Toa mota, sukuma kichwa kwa mkono, kisha zungusha kila seti ya gia peke yake. Inatakiwa izunguke bila mahali pagumu. Nywele na nyuzi za zulia ndizo mshtakiwa wa kwanza, hasa ukiwa na paka.

Ikiwa kichwa kinaruka kwa mpangilio, pima urefu wa mruko. Gurudumu la dizeli la mita 1 likigawanywa kwa 160 ni kama milimita 6.3 kwa upana, na mzingo wake ni karibu milimita 20. Kinachoruka kila sentimita 2 kina tatizo kwenye ekseli: jino limekatika, au gia ya plastiki imepasuka pale inapobana mhimili. Mpasuko hauonekani mpaka uuangalie kwa lenzi, ukiipinda gia kidogo. Gundi haisaidii.

Mafuta: chovya ncha ya sindano, kinachobaki kwenye ncha kinatosha. Yawe yale yasiyokula plastiki. Kichwa kilichozidishiwa mafuta kitayapeleka relini, na utarudi hatua ya 1.

Hatua ya 6: sasa namba

Kwanza soma na uandike zote ulizo nazo kwenye karatasi. Usomaji wenyewe ni kipimo: kwenye njia ya kupangia (kipande cha reli cha kusomea na kuandikia CV), king'amuzi hujibu kwa kuisukuma mota ivute angalau miliampea 60 kwa takriban milisekunde 6. Kama boksi linasema hakuna jibu, mara nyingi mgusano bado ni mbaya. Asiye na boksi la bei anaweza kujiundia la DCC-EX, mradi wa bure wa boksi la DCC, kwa bodi ya kompyuta ndogo ya Arduino Mega na bodi ya kuendeshea mota, ambazo mafundi wa elektroniki wa Nairobi na Dar wanazifahamu, kisha akatumia JMRI, programu ya bure, kusoma na kuandika CV.

CV29 ndiyo ya kutazama kwanza. Thamani ya 6 ina maana hatua 28 na ruhusa ya kutembea kwa analogi. 38 ni hivyo hivyo lakini kwa anwani ndefu. Ruhusa hiyo ya analogi ndiyo huzaa kufyatuka mbio: mapigo yakivurugika, king'amuzi kinaona umeme usio na amri, kinadhani kimewekwa kwenye reli za zamani, kinaupeleka wote kwenye mota. Toa 4. Sita inakuwa 2, thelathini na nane inakuwa 34. Na kama tatizo lako lilikuwa taa inayowaka na kuzima kwa kila nukta ya mwendo, ongeza 2.

CV19 iwe 0, la sivyo kichwa kinasikiliza anwani ya msafara (vichwa kadhaa vinavyoendeshwa pamoja) na si yake. CV3 na CV4 ziweke 0 kwa muda wa majaribio, ili kichwa kisikufiche mikatiko kwa kuanza taratibu. CV2 ipandishe moja moja mpaka kichwa kianze kutambaa kwenye nukta ya kwanza ya mwendo.

Kikiwa bado kinatetemeka mwendo wa chini tu, taa imetulia na gia ni huru, hapo ni marekebisho ya king'amuzi ya kusawazisha mwendo. Kila kiwanda kina CV zake, usichukue namba za kiwanda kimoja ukaziandika kwenye kingine. Kwa ving'amuzi vya kiwanda cha ESU vya kizazi cha 5, andika CV54 = 0, weka kichwa kwenye njia iliyonyooka isiyo na kitu, bonyeza F1: kitafyatuka chenyewe kwa sekunde moja au mbili, kinajipima, kinajiandikia. Weka mkono mwisho wa meza.

Ukivuruga kila kitu, ving'amuzi vingi vya Ulaya hurudi hali ya kiwandani kwa kuandika 8 kwenye CV8. Anwani nayo itarudi kuwa 3.

Kapasita ya akiba nimeiacha makusudi mpaka hapa. Inafaa, hasa kwa kichwa kifupi, na huungwa kati ya waya wa bluu na hasi ya king'amuzi, kamwe sio kwenye reli. Lakini ukiiweka kabla ya hatua ya 3 umefunga bandeji juu ya mwiba.

Kufunga gamba

Endesha kwanza bila gamba, nusu saa kila upande, mwendo wa kati. Kisha rudisha gamba na urudie kipimo cha taa. Ugonjwa ukirudi wakati huu, waya wa taa umebanwa, au gamba linakandamiza kibamba kikainuka upande mmoja. Kwangu ilikuwa ni waya wa njano. Niliusogeza milimita mbili na kuushikilia kwa kipande cha tepu.